Atashi ya Kizimba

Joto imezidi, nimefungua katoni ya vantilatere mupya, ile mashini ya upepo, na harufu ya plastiki imenirudisha asubuhi moja ya siku ya Mungu. Ukanda wa sandali yangu ulikatika wakati wasichana wenzangu walikuwa wanaondoka ku misa, kucheza ngoma mbele ya altare. Nikalia. Mama akaangalia mulango wa kizimba cha kuku, uliofungwa kwa atashi, ile kamba ya plastiki yenye meno. Nikakimbilia kisu.

«Hapana kukata! Iko na ulimi mudogo, unainua tu.»

Akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akainua ule ulimi, kamba ikateleza nzima. Akafunga nayo sandali yangu.

«Na kuku, mama?»

«Kuku haiendaka ku misa. Kimbia!»

Nilicheza mpaka baraka ya mwisho. Kuku tulimukuta kitandani.

Waya wa vantilatere umefungwa kwa atashi. Kisu kiko karibu, lakini natafuta pini.