Usikipime Chuo Siku ya Poda

Siku moja imekataa kunitoka, mwanangu, na kwa kuwa umekuja kuniuliza kama ujiandikishe katika chuo kikuu kile cha serikali nilichosoma mimi, acha nikusimulie, ingawa habari yenyewe si tamu.

Nilikuwa na diploma mpya ya sekondari na kichwa kikubwa kuliko kofia. Nikasafiri kutoka hapa Kalemie kwenda kukiona chuo kabla ya kuamua. Nikafika siku ya kutoa vyeti. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, fanfari, yaani bendi ya tarumbeta, inapiga, akina mama wanawamwagia wahitimu poda nyeupe kichwani mpaka kwenye kope. Niliitamani poda ile. Sikuomba hata kuona darasa.

Nyumbani nilimkuta Papa Mukubwa, kaka ya baba yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi wa injini za treni, mtu wa maneno machache, na hayo machache yaliuma.

"Mu maabara uliingia?" aliniuliza, maana nilitaka kusomea kazi ya kupima damu.

"Ilifungwa, Papa Mukubwa. Ilikuwa sikukuu."

"Basi haukuona chuo. Uliona sikukuu. Injini, mutoto wangu, tunaipima wakati inavuta, hapana wakati tunaipaka rangi. Rudia kule siku ya kazi, uulize wale wa mwaka wa mwisho: mashine ya kuangalia damu mulishika mara ngapi?"

Sikurudi. Niliona aibu kuonekana mshamba wa maswali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika halikuwa langu.

Nikajiandikisha hivyo hivyo. Kule, mwaka mmoja ulikula miwili kwa migomo. Hadubini, hiyo mashine ya kuangalia damu, ilikuwa moja tu, na kioo chake kimepasuka. Mwalimu wetu, mtu mwema aliyesahauliwa na waliomtuma, aliichora ubaoni kwa chaki za rangi. Nilikariri kila kiungo chake, nikapata alama za juu. Nami nikamwagiwa poda yangu.

Nikarudi Kalemie, nikapewa kazi katika zahanati moja. Mwezi wa kwanza tu, Papa Mukubwa akashikwa na homa. Alikataa kupelekwa kwingine. "Musisumbuke," aliwaambia watu wa nyumbani, "mutoto wetu ataangalia." Nikamtoa damu, nikaipaka kwenye kipande cha kioo, nikaiinamia hadubini ya zahanati, nikaona ukungu na madoa. Ningeweza kusema sijui. Mwenzangu wa kazi, Mama Feza, aliyesoma katika chuo kidogo cha ufundi nilichokidharau, alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwangu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Niliandika kwamba hana malaria, wakamtibu homa ya matumbo. Siku ya tatu akafariki.

Baada ya mazishi, Mama Feza alikiangalia tena kile kipande cha kioo chenye damu yake. "Malaria imejaa humu, ndugu yangu," akasema. Hakumwambia mtu mwingine. Alinifundisha kazi upya, nami nina cheti ukutani, na hadi leo ukoo mzima unasema siku za mzee zilikuwa zimetimia. Wewe ndiye wa kwanza kusikia. Ninaona haya, na haya hii haipungui kwa uzee.

Sikukatazi kwenda. Wapo waliotoka kule wakawa wauguzi na madaktari wa kweli, na pengine wazazi wako hawana chuo kingine cha kukupeleka. Lakini nenda siku ya kawaida, hata kama mvua inanyesha. Ingia maabara. Uliza nani anafundisha, na mara ya mwisho alikuja lini. Waulize wanaomaliza wameshika nini kwa mikono yao. Kuuliza si ujinga. Ukikuta hakuna kitu, chuo kidogo chenye vyombo kitakufaa kuliko kikubwa chenye jina. Na ukilazimika kusoma kule hata hivyo, basi siku utakayoanza kazi sema wazi usilolijua, kabla mtu hajalala kitandani akikuamini.

Mungu akuongoze, mwanangu, akupe macho ya kuona na kinywa cha kuuliza. Na wagonjwa watakaoletwa mbele yako, awarudishe kwao wakitembea.