Wifi Aliniambia Nifute Barua za Benki

Admin, nifiche vizuri, maana wifi yangu hakosi kwenye ukurasa huu, na kwenye maoni ndiye wa kwanza kuwatukana wezi wa vya watu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa, tunakaa Kisauni na mume wangu na watoto wetu wawili. Nashona na kuuza mabuibui. Wateja wangu wengi wako mbali, ndiyo sababu nina kadi ya benki. Naandika hapa na nyongo imenijaa mdomoni.

Ilianza kwenye arusi ya binamu yake mume wangu, kule Likoni. Arusi zetu mnazijua: siku ya kupamba ni wanawake watupu, vichwa wazi, kila mtu na dhahabu yake, kwa hivyo simu na mikoba huachwa mlangoni asije mtu akatupiga picha tukasambazwa. Mlangoni aliwekwa wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Nikampa mkoba, kadi iko ndani, nikaingia zangu kucheza. Nani atamshuku wifi yake?

Siku chache baadaye zikaanza kuingia barua pepe za benki kwenye simu yangu. Ya kwanza yasema, "Nambari ya usalama ya malipo yako ni hii, usimpe mtu yeyote." Malipo gani? Mimi niko kwenye cherehani, sijanunua hata sindano! Ikaja nyengine na nambari nyengine. Kisha ikaja ya kunishukuru kwa kuthibitisha. Nimethibitisha nini, na saa ngapi? Na vile tumeambiwa kila siku kwamba matapeli hujifanya benki, niliogopa hata kuzigusa.

Nikampigia wifi, maana ndiye mjuzi wa simu kwao. Hata simu anayotumia ni yangu ya zamani, nilimpa mwenyewe nilipopata mpya. Nikamsomea zile barua. Akacheka. "Wifi nawe! Matapeli hao. Futa zote, usijibu, na benki usiende ukajitia wasiwasi bure." Nikamwambia, "Ahsante mamangu, Mungu akuweke." Wallahi nilimwombea dua! Nikazifuta zote.

Wiki ile ile mavyaa wangu, mamake mume wangu anayekaa Mtongwe, akaletewa mashine ya kufulia. Jumamosi nilipokwenda kumfulia nguo kama kawaida yangu, nikakuta majirani wamejaa, mashine imewekwa sebuleni kama bibi arusi, hata maji haijaunganishwa. Mavyaa kamshika wifi mkono. "Huyu mwanangu amenionea huruma. Mungu amjaalie ndoa njema. Wengine kazi yao ni kujipamba tu." Hao wengine ni mimi, na viganja vyangu vina sugu za kufua kanga zake. Wifi akainamisha kichwa, ati ana haya. "Mama, usiseme mbele za watu, utanipunguzia thawabu." Thawabu!

Ukweli niliujua nilipokwenda kulipia vitambaa, kadi ikakataa. Nikaenda benki. Msichana wa pale akanionyesha kwamba nimenunua kitu mtandaoni kwenye duka la vyombo vya umeme, na zile nambari nilizoziogopa zilikuwa za kweli. Nikapiga simu dukani. "Mashine yako tuliipeleka Mtongwe, mama, akapokea binti yako." Akanitajia jina la wifi yangu. Hapo ndipo nilipofahamu. Kadi aliipiga picha mlangoni, mbele na nyuma. Na ile simu ya zamani sikuitoa barua pepe yangu, kwa hivyo kila nambari iliyonijia mimi ilimfikia na yeye. Alikuwa anaisoma huku ananiambia nifute!

Jioni nikamwambia mume wangu. Akasema, "Mke wangu, msitiri. Mama ana presha, na huyu ameposwa, wale watu wakisikia wataondoka." Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akasema, "Wewe ni mkubwa."

Nikamwendea wifi mwenyewe. Hakulia, hakuniomba radhi. Alikuwa anakula kashata, akalamba vidole kwanza. "Kwani mashine si ya mama? Ungemnunulia wewe, mimi ningekuwa na haja gani ya kuhangaika?" Astaghfirullahi. Nilitamani kumzaba kofi, lakini hata kumgusa nilimwonea kinyaa.

Jana mavyaa ameniletea salamu nipeleke nguo za watoto zikafuliwe, nikaone jinsi wenzangu wanavyowajali wazazi wao. Na benki wanataka maelezo yangu Jumatatu. Nikimtaja mtu, kesi inakwenda polisi. Nikisema ni mimi niliyenunua, wanafunga malalamiko yangu hapo hapo. Mume wangu amenitafutia kalamu mwenyewe. "Andika ulinunua ukasahau," ananiambia. "Ukimtaja dadangu, usirudi katika nyumba hii."

Mume wangu nampenda, sitaki kudanganya. Lakini tangu aniwekee ile kalamu mbele yangu, akinikaribia mwili unanisisimka kwa kinyaa. Nyinyi mlioolewa kwenye koo kubwa, nambieni bila kunihurumia: nimtaje yule mwizi nikusanye watoto nirudi kwetu, ama niandike kwa mkono wangu kwamba ni mimi niliyemnunulia mavyaa mashine, kisha nikae pale sebuleni nimsikilize akimwombea dua mwengine?