Saa za Kungoja Getini

Corentine Guéguen alikuwa na miaka arobaini na sita, na kwa miaka thelathini na tatu alikuwa amekata vichwa vya dagaa. Pale Porz-Gwenn, mwisho kabisa wa Bretagne, magharibi ya Ufaransa, king'ora cha kiwanda cha samaki wa kopo kikilia, wanawake huacha kila kitu wakakimbia, hata kama mtoto yuko ndani ya beseni na sabuni machoni. Wakifika, mara nyingi samaki bado hawajaletwa. Basi hungoja getini kwa muda wa saa mbili, hata nne, upepo ukiwapiga, na kungoja huko hakulipwi. "Hamjafanya kazi," msimamizi Bescond huwaambia. Corentine aliyachukia maneno hayo kuliko harufu ya samaki, na harufu hiyo ilikuwa imemganda hadi kwenye nywele.

Kwa hiyo Mei ya mwaka 1968, wanafunzi na wafanyakazi walipoitikisa Ufaransa nzima, yeye hakugoma kwa ajili ya Paris. Paris ilikuwa mbali. Redio ilisema vijana wa huko wanang'oa mawe ya barabara na kuchoma magari.

"Na sisi tuchome nini?" aliuliza Fant, shoga yake wa meza moja. "Gari la padri?"

"Lile la nini kulichoma, shoga? Linatoa moshi lenyewe."

Wanawake mia mbili walikalia kiwanda kwa dai moja tu: saa za kungoja zihesabiwe kuwa kazi. Siku ya tisa, asubuhi, palikuwa na kura uani: kuendelea na mgomo au kurudi kazini. Mwenye kiwanda alikuwa amewaahidi kwamba atakayerudi mezani kabla ya adhuhuri hatafukuzwa. Wasichana walikuwa wamesimama imara. Lakini akina bibi wenye vilemba vyeupe, ambao Kifaransa walikisikia kwa kubahatisha, walikuwa wengi, na wao ndio wangeamua.

Hapo ndipo alipofika Gwendal, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Rennes, juu ya trekta la viazi, maana petroli ilikuwa haipatikani. Baba yake alikuwa mwanasheria na nyumbani walizungumza Kifaransa. Kibretoni, lugha ya akina bibi wale, alijifunza vitabuni, na alikipenda kweli. Akapanda juu ya kreti akawatangazia akina bibi, kwa lugha yao wenyewe, kwamba nchi nzima sasa ni *harz-labour*.

Kitabuni mwake, hilo lilikuwa neno la mgomo. Porz-Gwenn hakuna aliyewahi kulisikia; wao husema *grev*, kama Wafaransa. Masikioni mwa akina bibi lilivunjika vipande viwili: kuzuia, kazi. Kazi imezuiwa. Na kijana mwenyewe anatabasamu!

"Nani kaizuia?" alipiga kelele Bibi Jozefin, mjane aliyeheshimiwa kuliko wote. "Wanafunga kiwanda! Mimi narudi mezani sasa hivi, kabla hawajatia kufuli!"

Akageuka, na vilemba thelathini vikageuka naye. Bescond, mjanja yule, akafungua milango yote miwili. "Karibuni, akina mama, karibuni."

Corentine hakuwahi kusema neno mkutanoni. Mikutano ilikuwa ya Kifaransa, na yeye aliona haya kukivunja mbele za watu. Siku hiyo hasira ilimsahaulisha haya. Akamsukuma kijana, akapanda kreti.

"Jozefin! Rudi hapa! Mtoto huyu anasema *grev*! *Grev* tu, basi! Kalitoa kitabuni, msamehe!"

"Sasa mbona hakusema hivyo?"

"Si ametoka chuoni!"

Ua mzima ukacheka, lakini Jozefin alikuwa bado na mguu mmoja kizingitini.

"Hakuna aliyefunga kitu," Corentine aliendelea. "Treni zimegoma, posta imegoma. Sisi tusiporudi mezani, nani atakata vichwa vya samaki? Bescond? Jozefin, mwaka jana ulingoja pale getini kwenye mvua ukapata homa ya mapafu. Ulikuwa unafanya nini, unaota jua?"

"Nilikuwa nakufa," alisema Jozefin.

"Basi nyoosha mkono, mama."

Bibi akaunyoosha. Nyuma yake ikainuka mikono yote, na Bescond akafunga milango yake polepole.

Gwendal alikuja kuomba radhi, uso umemwiva. Alisema Rennes wanataka kuubadilisha ulimwengu.

"Badilisheni, mwanangu," Corentine alimwambia. "Sisi tunaanza na hapa getini."

Ilichukua wiki mbili zaidi, kisha mwenye kiwanda akalitia saini dai lao. Jumatatu iliyofuata king'ora kililia, wanawake wakakimbia, na samaki, kama kawaida, bado. Wakaketi ukutani. Corentine akatoa soksi aliyokuwa akiifuma. Bescond akatoka ofisini, mdomo ukatangulia kwa mazoea.

"Guéguen! Unafanya nini hapo?"

Hakunyanyuka, wala hakuacha kufuma.

"Kazi, Bwana Bescond."