Fundi wa Tiwi na King'ora cha Friza

Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Wasomaji wangu, Alhamisi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Tiwi, nikaambiwa fundi wetu wa vyombo vya umeme amefariki, moyo umesimama akiwa amekaa dukani kwake. Ni yule mama niliyekuwa nikimtania kwamba ana malalamiko mengi kuliko nyaya zake. Nimelia tangu siku hiyo, na leo sitajikaza ili safu ionekane nadhifu.

Nilimjua kupitia friza. Akina mama wachuuzi wa samaki wa Majoreni, dada yangu akiwamo, walikuwa na friza kubwa yenye king'ora cha kuwaonya joto likipanda. Shida ni kwamba kila mota ilipowaka king'ora kililia, ilhali samaki wameganda vizuri. Wakachoka, wakakikata waya. Juma lile lile friza iliharibika kimya kimya, mzigo wote ukafukiwa mchangani. Fundi alipoitwa akaitengeneza friza, akaurudisha waya, akakaa juu ya ndoo saa nzima akisikiliza tu kinavyolia na kunyamaza, ndipo akachomelea vitu viwili vidogo kwenye waya wa kipima joto: rezista na kapasita. Alitueleza kwamba rezista huubana umeme upite kidogo kidogo, na kapasita ni kama mtungi unaojazwa kwa mrija huo mwembamba. Mshtuko mfupi wa mota haujazi mtungi. Joto likipanda kweli na kudumu, utajaa. King'ora kikatulia. Mimi mjuaji nikamwambia aweke kapasita kubwa zaidi, kisilie hata mlango ukisahauliwa wazi kidogo. Akanitazama.

"Nikiweka kubwa, mwanangu, kitatulia sana," akasema. "Lakini samaki wakianza kuoza, kitakwambia wameshaoza."

Tumekuwa watu wa kutaka utulivu. Simu zinajaa ujumbe tangu alfajiri, misiba, michango na vichekesho, nasi tumejifunza kupitisha macho tu. Pengine bila hivyo tungerukwa na akili. Ila mimi nilimfanyia hivyo mtu. Alilalamika kila siku, leo umeme umekatika, kesho vipuri ni vya bandia, kesho kutwa magoti, nikazoea kumsikia nusu. Jumatatu, siku tatu kabla hajafa, nilimpigia, nikamwamkia na kumuuliza hali.

"Marahaba. Mkono huu wa kushoto unaniuma tangu jana, na pumzi hainitoshi."

Nikacheka. Nikamwambia apunguze kuinamia meza, kisha nikamuuliza redio yangu itakuwa tayari lini. Akanijibu kwa upole kwamba atajitahidi.

Somo langu ni hili, na nimelijua baada ya kumzika. Anayelalamika kila siku naye huumwa kweli siku moja, na siku hiyo habadilishi sauti ili tumtambue. Akishawajibu hali yake, muulizeni swali la pili. Langu la pili lilikuwa la redio.