Baiskeli Isiyofika Mwisho wa Bonde

Juzi kwenye basi la kwenda mtaa wa Muhaisnah, huku Uarabuni, nilikaa nyuma ya wasafishaji wawili wa ukumbi wa mazoezi. Mmoja, Mtanzania, akimaliza kupiga deki hupanda baiskeli isiyosogea. Skrini yake huonyesha barabara tulivu bondeni, kati ya milima ya theluji ya Ulaya.

"Hakuna gari, dada. Ng'ombe tu," alisema akijikanda magoti. "Ila mwisho wa bonde sijauona. Msimamizi hunizimia, 'Khalas, yalla!' yaani imetosha, twende. Kesho yake naanza upya."

"Si ukanyage haraka!" mwenzake Mkenya akamcheka.

"Haraka ninayo kutwa nzima. Pale nataka polepole."

Miaka yangu yote ya ualimu nimewaambia wanafunzi wamalize walichoanza. Safari hii nilimtakia bonde lisiloisha. Yule Mtanzania alikwisha kusinzia.