Kimya na Uji Mwepesi

Jina la Kimya mjukuu wangu alilipata kwenye chumba cha pasi, akiwa na miezi saba. Mama yake, binti yangu wa mwisho, tulikuwa tumeshamzika. Mimi nilikuwa napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na mtoto nilimlaza ndani ya kikapu cha nguo safi. Alitazama dari toka asubuhi mpaka tunafunga. Halii, hachezi. Mkunja mashuka mwenzangu, mwanamke wa maneno mengi, alichungulia akaniuliza, "Humo umeweka mtoto au mto?"

Tukacheka sana. Nami kichwa kikanivimba. Wenzangu wanalea makelele, mimi nalea Kimya.

Kabla ya hapo aliharisha, nikampeleka zahanati. Muuguzi akasema, "Kwa sasa asipewe kitu kizito. Mpe uji mwepesi. Nimekuandikia kwenye kadi. Umeelewa, mama?"

Nikasema nimeelewa. Shule niliishia darasa la pili, hata haya naandika polepole, lakini kumwambia binti wa juzi kwamba mwandiko wake unanishinda, hilo hapana. Nilishika neno moja, mwepesi. Nikamkorogea uji unaopita kwenye chuchu ya chupa kama maji. Na niseme yote: unga kidogo ulikuwa unafika mbali. Neno la muuguzi na hali ya nyumba yangu vilipatana, nikaona sina haja ya kurudi kuuliza.

Alichelewa kutembea. Alipotembea, akaanza kuuma watu. Sasa ana miaka kumi, na majirani wakisikia vyombo vinavunjika wanasema, "Kimya huyo anaongea." Nyumbani anaficha mkate ndani ya foronya ya mto wake. Nimemchapa kwa hilo mara nyingi, maana mende wanajaa.

Mwezi uliopita alimpasua mwenzake mdomo kwa sababu ya kipande cha mkate. Mwalimu mkuu akaniita. Kikao cha walimu kilikuwa kinakaa kesho yake kuamua abaki au aondolewe, na shule nyingine ya kufikika kwa miguu haipo. Nilimkuta ofisini na mshauri wa watoto, msichana mwenye fomu. Kimya alikaa pembeni, ananyofoa sponji ya kiti.

"Bibi, alipokuwa mchanga alikula nini?" mshauri akauliza.

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Cha watoto. Mtoto wangu hajalala njaa hata siku moja."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. "Bibi, tusaidie tukusaidie. Wenzangu wanasema ni jeuri tu. Nikienda kesho mikono mitupu, wanamtoa."

Nikatoa ile kadi kwenye mfuko wa nailoni. Nimeitunza miaka yote haina hata doa. "Soma mwenyewe. Nilifuata kila neno."

Mshauri akasoma. Akarudia. "Hapa pameandikwa siku tatu."

"Siku tatu za nini?"

"Za uji mwepesi, Bibi. Baada ya hapo arudishwe kwenye uji mzito, wa maziwa na mafuta. Wewe ulimpa kwa muda gani?"

Nilitazama meza. Sikusikia uchungu wala nini. Ni kama vidole vyangu hivi, vimeshika pasi mpaka moto havijui tena.

"Alikuwa analia?" akauliza taratibu.

"Alikuwa kimya."

"Njaa ikikaa sana mtoto huacha kulia." Kisha akaongeza, "Siwezi kusema ni uji peke yake. Kafiwa na mama, maisha magumu, ni mambo mengi." Alikuwa ananionea huruma, na huruma siipendi. "Niandike nini?"

"Andika mwaka mmoja na nusu. Andika unga ulikuwa haba. Andika nilidhani ni utulivu."

Kimya akainua kichwa. "Bibi, nilikuwa nakunywa uji wa maji?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sikujua kusoma kadi. Na sikuuliza."

Hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye sponji yake.

Kikao kilimwacha abaki. Kila asubuhi anapewa uji shuleni kabla ya darasa, na mshauri anamwona kila Alhamisi. Sijaona mabadiliko ya kusimulia. Juzi kavunja kioo cha jirani.

Jana nilikuwa nafua. Nikatoa foronya yake, ndani mkakutwa vipande vinne vya mkate, vikavu kama kuni. Nilikuwa nimeshashika fimbo. Nikaiweka. Nikafua foronya, nikaianika, nikaipiga pasi vizuri pembe zote nne. Vile vipande nikavifunga kwenye karatasi safi, nikavirudisha ndani ya mto.