Bata Aliyetoka Mzima Kisimani

TEMEKE – Saa moja asubuhi, Mwinshehe Mwinjuma anachuchumaa ukingoni mwa kisima cha futi ishirini na saba, ameshika kamba ya katani. Mwisho wa kamba kuna kikapu, na ndani ya kikapu kuna kuku jike mwenye hasira. Kikapu kinashuka kidogo kidogo huku kuku akiwatukana watu wote waliosimama pale.

"Acha apige kelele," anasema Mwinshehe. "Akinyamaza ndiyo utaniona mie nina wasiwasi."

Kikapu kikigusa chini, anasoma Alhamdu mara saba, polepole, bila kumeza hata herufi moja. Hiyo ndiyo saa yake. Kisha anavuta. Kuku akitoka anataka kumdonoa mtu, fundi anashuka. Akitoka shingo imelegea, hakuna anayeshuka siku hiyo, mwenye kisima awe na haraka ya namna gani.

Kazi hii alirithi kwa baba yake. Ana miaka hamsini na mmoja, na visima alivyochimba, toka Temeke hadi Msasani, vimepita mia moja na arobaini. Mikono yake imekakamaa hata kushika kikombe cha kahawa ni kazi. Lakini ukimuuliza habari za kisima kimoja tu, kile cha masika ya mwaka 1947, anageuza uso.

Wakati ule alikuwa na mwenzake, Polikarpo, mtu wa upande wa Masasi. Walifanya kazi pamoja miaka tisa: juma hili huyu chini na yule kwenye kamba, juma lijalo wanabadilishana. Mmoja alihesabu kwa Alhamdu, mwingine kwa Salamu Maria, na walibishana kila siku nani anasoma haraka mno.

Mvua ziliwasimamisha siku kumi na mbili, na kisima kikafunikwa kwa mbao na magunia. Kisima kikifunikwa hivyo, hewa nzito hujikusanya chini. Haina rangi wala harufu, na humlegeza mtu kabla hajajua kama amelegea.

Siku waliyorudi, kuku wa Mwinshehe alikuwa ameatamia mayai kumi na moja.

"Nilimwonea huruma kuku," anasema. "Nikamwambia Polikarpo, tumwache aangue, tutafute mwingine. Yeye akasema, 'Mke wangu ana bata. Ana mapafu kama kuku, ana damu kama kuku. Kwani naye si ndege?' Mie nikaona sawa. Nikacheka hata."

Mke wa Polikarpo, Genoveva, alimkamata bata wake mwenyewe akampa mumewe. Bata akashushwa. Alhamdu ikasomwa mara saba. Bata akapanda mzima, ametulia, anatazama watu. Polikarpo akajifunga kamba akashuka.

"Alipofika chini aliniita, 'Mwinshehe, nivute.' Basi. Kamba ikawa nzito. Nilivuta peke yangu mpaka viganja vikachanika, na alipotoka alikuwa keshatutoka."

Mtaani wakasema ni mashetani wa kisima, maana bata si alitoka salama? Mwinshehe hakubisha. Hakuwa na maelezo mengine, na mashetani hawamlaumu mtu.

Maelezo aliyapata miaka minne baadaye, kwa bahati. Anselmo, msaidizi wa idara ya mifugo aliyekuwa akipita kukagua ugonjwa wa kuku, alimkuta na kikapu chake akamwuliza kwa nini hatumii bata, mpole zaidi. Kabla Mwinshehe hajajibu, Anselmo akacheka: alikuwa anamtania tu, kisha akamweleza kwa nini bata hafai.

Mwandishi alimtafuta Anselmo ili amweleze mwenyewe. "Mnyama akivuta pumzi," alisema, "mapafu yanachuja ile sehemu ya hewa inayotupa uhai na kuitia kwenye damu. Moyo unaisukuma damu mwili mzima, na ikirudi inaleta hewa iliyotumika ili itolewe nje. Moyo wa kuku unapiga zaidi ya mara mia mbili kwa dakika, na akiba yake ya hewa ni ndogo. Akikosa hewa nzuri, anaanguka upesi. Ndiyo maana anafaa."

Na bata? "Bata ameumbwa kuzamisha kichwa majini. Hewa ikikosekana, moyo wake unapunguza mapigo, na damu inapelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo wenyewe. Anaweza kukaa dakika nyingi pale ambapo kuku angekufa kwa dakika tatu. Ukimshusha kisimani halafu akatoka mzima, amekuambia habari zake yeye. Zako hakukuambia."

Siku ile Anselmo alipomweleza hayo, Mwinshehe alikwenda nyumbani, akajifunika shuka mchana kutwa. Angeyasema, Genoveva angejua kwamba bata aliyemtoa kwa mkono wake ndiye aliyemhadaa mumewe. Mama huyo bado anafuga bata wa kizazi kile kile, pale pale uani. Basi Mwinshehe akanyamaza miaka mitatu.

Mwezi uliopita alipita Kinondoni, akawakuta mafundi wawili wanashusha bata. Akawauliza nani kawafundisha. Wakamjibu kwa heshima kubwa: "Wewe, mzee. Tulisikia kule Temeke mlitumia bata."

Ndipo akamwita mwandishi. Alitaka jambo hili lichapwe, kwa sharti moja: Genoveva alisikie kwanza kwa mdomo wake, asije akasomewa na jirani.

Jumamosi tulimkuta anatwanga. Mwinshehe alisema yote bila kukaa, kofia mkononi. Genoveva aliacha mchi ndani ya kinu. Bata walikuwa wanapita miguuni pake, akawatazama.

"Shemeji," alisema, "aliyekuja kuniomba bata ni nani?"

"Polikarpo mwenyewe, shemeji."

"Na mie nilimpa nikicheka. Nikamwambia asimrudishe amelowa." Alijifuta uso kwa pembe ya kanga. "Na wewe umelijua hili toka lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Miaka mitatu!" Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Umekaa nalo peke yako, unapita hapa, unaniamkia, unakula chakula changu. Ungeniambia, shemeji. Tungemlilia wawili."

Mwinshehe alikaa chini kwenye mchanga, mtu mzima, akalia. Genoveva hakumkataza. Baadaye alimletea maji ya kunywa, akamgeukia mwandishi.

"Andika, mwanangu. Andika kwamba bata alikuwa wangu, na jina langu uliweke."

Mwinshehe anasema anataka kuzunguka kwa kila fundi wa visima anayemjua, mmoja mmoja, kabla mvua hazijaanza. Jumatatu ataanzia Kinondoni. Alipotaja hilo, Genoveva alikuwa keshaushika tena mchi.

"Utanipitia," alisema. "Hao hawatakusikiliza wewe, watasema mzee anaogopa. Mie ndiye nitakayewaambia."